Mafunzo ya Mwali Yaliyoangukia Kijiweni

Hivi wewe unayesoma, mara ya mwisho mtu kukukalisha chini akakufunda, mdomo wake na sikio lako, ilikuwa lini? Na usinitajie clip. Clip haikukalishi chini, unaiangalia umesimama kwenye foleni ya mihogo. Wakati unatafuta jibu, nikupeleke kijiweni kwetu Maili Moja, Kibaha, nyuma ya fundi matairi, kwenye benchi lililotengenezwa kwa mbao za bodi ya lori lililokufa. Hapo tunashinda sisi ambao nchi haijaamua itufanyie nini. Mzee Isihaka, mzaliwa wa Kisarawe, tunamwita Katiba, kwa sababu kila jambo kwake lina kifungu, na kifungu chenyewe ni methali isiyohusika. Dulla anauza vocha na laini za simu, jina lake Bando. Mbaraka muuza kahawa ni VAR: ubishi ukishaisha, anaurudisha nyuma wakati anajaza vikombe, uanze upya. Seifu wa bodaboda wiki hii ni Bwana Harusi tu, maana Ijumaa anamuoa Raudha, fundi cherehani wa mtaa wa pili. Mimi ni Digrii. Nilisoma Development Studies, matokeo mazuri tu, asante, kazi sina, na tafadhali usiniulize nimeomba wapi.

Sasa sikiliza kisa. Raudha yuko ndani, ni mwali, hatakiwi kuonwa mpaka siku yake. Kungwi wake ni bibi yake mzaa mama, Bi Mwanaamina wa Maneromango, ambaye amefunda wanawake wa kule hadi wengine nao sasa ni bibi. Mvua zikakata barabara. Gari linafika mahali linazama hadi mlangoni, abiria wanashuka na viatu mkononi. Bibi akasema mjukuu wangu hatoki bila kufundwa, nipeni hiyo simu. Akarekodi mafunzo kwa voice note, moja baada ya nyingine. Lakini bibi hasomi majina ya magrupu, anaangalia picha. Na magrupu yote mawili, la wanawake wa shughuli na la kamati ya harusi, Bi Salama mama yake Raudha aliyawekea picha ile ile, Raudha na Seifu wamevaa sare ya kitenge. Bibi akabonyeza picha ya juu. Basi jana asubuhi mafunzo ya mwali yakatua kwenye kamati, ambako kijiwe kizima ni wanakamati. Bi Salama akaandika kwa herufi kubwa: TAFADHALI MSIFUNGUE. Wakati huo tulikuwa tumeshafungua, na Bando ameshaunganisha na spika yake ya kunadia laini.

Leo baada ya alasiri ndiyo kesi ikasikilizwa.

BANDO: Oya, tuirudie ile ya maji.

MIMI: Bando, ile siyo yetu. That is confidential, bwana.

BANDO: Kitu kikishaingia kwenye grupu ni cha grupu.

Akabonyeza. Sauti ya bibi ikatoka, nyuma yake jogoo anawika na mtu anatwanga:

"Raudha mjukuu wangu, mume akirudi kakunja uso, usimuulize kaleta nini. Muulize kashindaje. Mpe maji kwanza, maneno yatafuata. Mtu mwenye njaa masikio yake yako tumboni. Na ya chumbani yabaki chumbani, hata mimi usiniletee. Haya. Hiki kidude kinazimiwa wapi?"

Yale mengine siyaandiki hapa. Na mimi nina bibi.

KATIBA: Mashaallah! Hayo ndiyo maneno. Ndiyo maana wahenga wakasema, mficha uchi hazai. Bibi hakuficha, kawatumia wote.

MIMI: Mzee, shikamoo, ila hiyo methali haihusiki kabisa.

KATIBA: Marahaba. Methali ni kama koti la mtumba, kijana. Halikushonewa wewe, lakini ukilivaa linakaa.

SEIFU: Mimi nasema nini, kazi yangu imekwisha. Jana ile ile nikamrushia Raudha, nikamwandikia na chini yake: "Bibi kasema maji kwanza. Nisije nikasikia vingine."

Mbaraka akasimamisha birika hewani.

VAR: Ulimtumia nani?

SEIFU: Raudha.

VAR: Yaani mafunzo ya mwali, yanatoka kwa bwana harusi?

SEIFU: Si ndiyo mhusika?

VAR: Hapana, hapana, turudishe nyuma. Hapo kuna offside. Sikilizeni. Siku Raudha akikupa maji, utajuaje kakupa kwa mapenzi? Utajua kakupa kwa sababu bibi kasema. Naye atajua kwamba wewe unajua. Utakunywa maji huku unamwangalia kama askari wa usalama barabarani. Goli limekataliwa. Mafunzo yote yarudiwe upya, na bwana harusi awe nje ya uwanja.

KATIBA: Tena mnaichukulia kirahisi. Kwetu Kisarawe, mwanamume akisikia maneno ya kungwi, basi naye ni mwali. Hakuna rufaa. Anawekwa ndani, anapakwa liwa, jua halioni, anakula uji kwa kijiko cha kifuu.

SEIFU: Na pikipiki ataendesha nani, mzee wangu?

KATIBA: Mgeni njoo, mwenyeji apone.

SEIFU: Sijaelewa.

MIMI: Hata yeye hajaelewa, wewe kunywa kahawa.

BANDO: Shida yenu mnaishi kale. Maadili yameshahama, yako mtandaoni. Mimi naona fursa hapa. App ya Kungwi. Ukilipia bando la siku unafundwa kidogo, la wiki unapewa na wimbo, la mwezi unamwagiwa na mchele. Mke akinuna, simu inatetemeka. Halafu tunaweka ile akili ya kompyuta, inaiga sauti ya Bi Mwanaamina, na jogoo wake juu.

VAR: Na bibi akifa?

BANDO: Hafi! Ndiyo uzuri wa app. Tunamwapdeti.

KATIBA: Haba na haba hujaza kibaba.

MIMI: Bando, mtandao haufundishi tabia njema, unaiigiza. It's all performance, my brother. Hujamwona yule jamaa mwenye kanzu nyeupe anayegawa wali kwa maskini huku anajirekodi? Mara mwanga mbaya, wanarudia. Mara pindo la kanzu limekunjika, wanarudia. Maskini wa watu kashiba, video haijaisha.

BANDO: Lakini si kashiba?

Hapo akanikamata, nikanywa kahawa. Kahawa ya Mbaraka ni chungu kiasi kwamba ukishindwa hoja unaweza kusingizia yenyewe.

VAR: Digrii, nyie chuo hamkufundishwa hayo mambo ya maadili?

MIMI: Tulifundishwa. Ethics, semester nzima. Mtihani ukaja: jadili umuhimu wa uadilifu katika jamii ya leo. Nikajadili kurasa na kurasa. Nikapata B plus. Aliyepata A aliibia kwangu.

Wakacheka hadi fundi matairi akatoka kuangalia. Cheka tu. Yule wa A ana kazi, na kiti chake kinazunguka.

KATIBA: Samaki mkunje angali mbichi.

VAR: Sasa hiyo kidogo imegusa. Lakini Seifu mbichi huyu? Huyu ng'onda mkavu, mzee. Ukimkunja anavunjika.

SEIFU: Acheni kunizingua. Mbona mimi peke yangu? Kila mtu hapa karusha ile voice note. Haya, mseme mlimtumia nani.

Kila mtu akapata kazi ya kufanya na kikombe chake.

BANDO: Mimi nilimtumia mke wangu. Alikuwa jikoni, mimi sebuleni.

VAR: Nyumba hiyo hiyo?

BANDO: Ili ibaki kwenye kumbukumbu. Akanijibu kidole gumba. Jioni nikaletewa dagaa hawana chumvi.

KATIBA: Mimi nilimwomba Dulla anitumie kwa mkamwana wangu wa Mlandizi. Yule binti ana mdomo.

VAR: Mimi, kwa mtalaka wangu wa Mbagala.

MIMI: Mtalaka! Wa nini tena, Mbaraka?

VAR: Ajue alipokosea.

MIMI: Akasemaje?

VAR: Kanitumia sauti. Kicheko tu, mwanzo mpaka mwisho. Nyuma kuna mwanamume naye anacheka.

BANDO: Na wewe Digrii usijifanye mtakatifu. Umeiweka status, na kimaneno juu: "Listen and learn." Zuleha wako wa zamani keshaiona? Au yule mwalimu wa Ruvu aliyekupokonya hamruhusu kushika simu?

Nisingemjibu hata kidogo, na bahati nzuri sikuhitaji. Kwenye kona ya duka la matairi alikuwa ametokea mtu kajifunika kanga mbili, moja kiunoni na nyingine kuanzia kichwani hadi puani, ananukia liwa, miguu ina hina mbichi. Seifu akaangusha kikombe. Mzee Katiba akageuzia uso barabarani kana kwamba yeye ndiye mkosaji.

RAUDHA: Shikamoo mzee.

KATIBA: Marahaba, marahaba mwanangu. Lakini mwanangu, mwali hatoki!

RAUDHA: Mafunzo yangu yametoka, mzee. Nimeyafuata.

Alisimama mbali kidogo na benchi, kama inavyotakiwa, na akasema taratibu, kwa sauti ya mtu aliyekaa chumbani siku nyingi bila kupiga kelele.

RAUDHA: Sijaja na ugomvi. Jana nilikuwa nimekaa ndani nasubiri maneno ya bibi. Mama kaja analia, kasema yameenda kwa wanaume. Nikasema sawa, yatarudi. Na kweli yamerudi. Yamekuja kutoka Mlandizi, kwa dada mmoja ninayemshonea madera, naye katumiwa na mkwewe.

Mzee Katiba akazidi kuitazama barabara.

RAUDHA: Yamekuja kutoka Mbagala. Yamekuja kutoka kwa mtu hata simjui, kaniandikia, "Dada, hii itakusaidia kwenye ndoa yako." Na juu imeandikwa imesambazwa mara nyingi. Mwali ndiye anatakiwa kusikia wa kwanza. Mimi nimesikia wa mwisho, Kibaha nzima imeshamaliza.

BANDO: Dada yetu, tusamehe. Ni mambo ya teknolojia.

RAUDHA: Teknolojia haina kidole, kaka Dulla. Kidole ni chako.

VAR: Irudi nyuma hiyo, sijaisikia vizuri.

BANDO: Kausha, Mbaraka.

SEIFU: Raudha, mi nilitania tu, si unanijua? Ile ya maji ilikuwa masihara.

RAUDHA: Maji nitakupa, Seifu. Maji sijaja kuyagombania. Bibi kasema kweli, na hata asingesema ningekupa. Nina swali moja tu, nikipata jibu narudi ndani.

SEIFU: Uliza mama.

RAUDHA: Siku mimi ndiye niliyekunja uso. Cherehani imetafuna kitambaa cha mtu, mgongo unauma, na wewe ndiyo unaingia mlangoni. Ulifundwa ufanye nini? Na nani alikufunda?

Ndugu msomaji, pale Maili Moja hakujawahi kuwa na kimya. Kuna malori, kuna makondakta, kuna spika za dawa ya panya. Katikati ya kelele hizo Seifu akainama kuokota kikombe chake.

SEIFU: Nilifundwa... si nilipelekwa jando.

RAUDHA: Jando wapi?

SEIFU: Zahanati. Likizo ya shule ya msingi. Nesi akaniambia usilowanishe na usikimbiekimbie. Baba akaninunulia soda.

RAUDHA: Hayo ndiyo mafunzo?

SEIFU: Na panadoli.

Hakuna aliyecheka, maana wote tulikuwa tunaikumbuka ile soda. Mimi yangu ilikuwa ya machungwa.

RAUDHA: Kaka Dulla?

BANDO: Mimi... kuna jamaa mmoja namfuatilia, ana clip nzuri sana za ndoa.

RAUDHA: Ameoa?

BANDO: Hilo sijawahi kuliangalia.

RAUDHA: Kaka msomi?

Alimaanisha mimi. Nikafungua mdomo. Nilikuwa na theories, wallahi. Nilikuwa na kitu kuhusu malezi na mmomonyoko, na jina la profesa wake. Nikakuta hakuna hata sentensi moja ambayo mtu angeweza kuingia nayo mlangoni akamkuta mke kanuna.

MIMI: Sijui, dada.

Ndipo wote tukamgeukia Mzee Katiba. Yeye hakupelekwa zahanati. Yeye alikaa kumbini, msituni huko Kisarawe, na wenzake na ngariba, hadi walipopona na kufundwa, na hutusimulia kila mvua inapotukusanya chini ya turubai.

VAR: Mzee, wewe unalo jibu. Kumbini si mlifundishwa?

KATIBA: Tulifundishwa kila kitu. Kusalimia, kugawana, kutoingia chumba cha wazazi bila hodi. Kwa nyimbo. Na hilo la mke kununa lilikuwa na wimbo wake. Ngariba anaimba, sisi tunapokea. Ulianza hivi...

Akakohoa. Akapiga goti lake kwa kiganja, mara moja, mara ya pili, akawa kama anayengoja mtu wa upande wa pili apokee. Midomo ikacheza. Wimbo haukuja.

KATIBA: Ulikuwa na goma lake. Bila goma siukamati.

VAR: Sasa ndiyo tumejua watalaka wako wote wale, mzee, walitokea wapi.

RAUDHA: Mzee, samahani. Wanao uliwapeleka kumbini?

KATIBA: Hapana mwanangu. Ngariba alikuwa keshazeeka, kumbi ni gharama, zahanati ni siku moja. Tukasema wakatwe tu, hayo mengine watafundishwa shule.

MIMI: Shule walituambia hayo tutafundishwa nyumbani.

BANDO: Na chuo?

MIMI: Chuo walisema tutayapata kazini.

BANDO: Na kazini?

MIMI: Kazi iko wapi?

Nilitegemea methali. Tulitegemea wote. Mzee Katiba, mtu ambaye ana kifungu hata cha pancha, alikaa na mikono mapajani.

RAUDHA: Basi mimi narudi ndani. Bibi kapiga simu, kasema Alhamisi atafika, hata akipanda trekta. Yale ya kwenye simu kasema hayahesabiki, anaanza upya, sikioni. Kwa hiyo Ijumaa mimi nitakuwa nimefundwa. Sitaki kuingia kwenye nyumba ambayo aliyefundwa ni mimi peke yangu. Mtafutieni Seifu mwanamume wa kumfunda kabla ya Ijumaa. Asipopatikana, shehe atangoja.

SEIFU: Raudha! Kadi zimeshasambazwa!

RAUDHA: Na mafunzo yangu pia.

Akapandisha kanga yake, akaondoka kwa hatua ndogo ndogo za mwali, hina haijakauka.

Seifu alibaki kasimama. Nimemjua tangu tukiwa tunavua kambale kwenye madimbwi, sijawahi kumwona na uso ule. Akatugeukia mmoja mmoja. "Oya, sasa nani?" Bando akasema app inaweza kuwa tayari ndani ya mwaka. Mbaraka akainamisha birika, likatoa tone moja jeusi, halafu hewa. Mimi nikaingia kwenye simu kuifuta ile status, nikakuta Zuleha keshaiona, nikaifuta hivyo hivyo.

SEIFU: Mzee, mwanzo wake tu huo wimbo. Neno la kwanza.

KATIBA: Halipo, mwanangu. Lakini tulikaa kumbi moja na Mfaume, yuko kule Kisarawe, kama hajafa. Yeye ndiye alikuwa anapokea vizuri.

SEIFU: Panda.

KATIBA: Sasa hivi?

SEIFU: Panda, mzee. Vaa helmeti.

Wakaondoka, mzee kashikilia kofia yake ya kiua juu ya helmeti, jambo ambalo halisaidii lolote. Sijui kama Mfaume yupo, sijui kama anaukumbuka, sijui kama Ijumaa tutakula pilau. Ninachojua nakiandika hapa hapa benchini, mbele ya vikombe vitupu, na safari hii simrushii mtu mwingine.

Nawaambia nyinyi. Baba zetu, wajomba zetu, wazee wa Kibaha na Kisarawe mliokaa kumbini mkafundwa, halafu mkaja kutupanga foleni zahanati na soda mkononi. Nyinyi mnaosema vijana wa siku hizi hawana adabu, mnasema hivyo misikitini, vikaoni, na siku hizi hadi kwenye voice note. Adabu mlituachia wapi? Bibi mmoja wa Maneromango barabara imemkatikia, simu haijui, na bado anakuja kwa trekta kwa ajili ya mjukuu wake wa kike. Nyinyi mko lami, mko jirani, na Seifu anazunguka na pikipiki anatafuta neno la kwanza la wimbo. Alhamisi baada ya alasiri, nyuma ya fundi matairi, Mbaraka atachemsha birika kubwa. Njooni na mlichofundishwa, hata kama ni nusu, hata kama ni kiitikio tu. Na kama mmesahau, njooni mseme mmesahau, mbele ya Raudha. Msitutumie clip. Kazi mliianza kwa wembe, njooni muimalizie kwa mdomo.